State of Play ni ya Waingereza, sio ya Russell Crowe

Jamani wadau, kila nikitaja State of Play mtu ananijibu eti Russell Crowe. Hapana! Hiyo ni filamu ya Hollywood ya 2009. Ninayoisema mimi ni tamthilia ya BBC ya 2003, sehemu sita, mtunzi Paul Abbott, mwongozaji David Yates (ndiyo, yule yule wa Harry Potter).

Hollywood walichukua saa sita wakazikamua zikawa mbili, wakaihamisha habari kutoka London kwenda Washington. Kilichomwagika njiani ni chumba cha habari. Kwenye tamthilia hakuna shujaa mmoja mwenye nywele ndefu. Kuna timu: Kelly Macdonald anapiga simu, James McAvoy anafukunyua, na juu yao Bill Nighy, mhariri mwenye ulimi wa wembe anayewakingia kifua vijana wake polisi wakibisha hodi. Tuzo ya BAFTA ya 2004 alistahili kabisa.

Halafu kuna uozo wenyewe. Msaidizi wa mbunge Stephen Collins (David Morrissey) anakufa. Anayeichimba habari ni Cal (John Simm), aliyewahi kumwendeshea Collins kampeni. Na katikati ya uchunguzi anatembea na mke wake! Kwenye filamu wakalipunguza makali, likawa jambo la zamani.

Abbott hamtetei Cal. Wale wanaotuambia mwandishi anaweza kula na mwanasiasa usiku na kumchunguza asubuhi, waangalie zote sita, halafu waje tubishane.