SIMBA TUNAWAJUA, WATU HATUWAJUI



Katika mkutano wa tawi letu mwezi uliopita palitokea ubishi ambao haukwisha mpaka mwenye jumba akaja kuzima taa. Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kamati ya elimu iliomba kwamba darasa letu la jioni, ambalo mpaka sasa limefundisha hesabu ya mshahara na sheria za kazi, liwe pia na somo la historia ya watu waliojenga reli. Katika orodha waliwekwa Wahindi wa Kenya, na pia Wameksiko wa Marekani. Ndugu mmoja akasimama akasema, "Historia haichemshi sufuria." Mwingine akauliza, "Wahindi si watu wetu, na hao Wameksiko watuhusu nini sisi wa Mweiga?" Wengi walipiga makofi. Sisi tulioshindwa kwa makofi siku ile twaomba nafasi katika gazeti hili tujibu, kabla kura haijapigwa.

Twaanza na swali. Mwulizeni mtoto yeyote wa shule habari za ujenzi wa reli, naye atawaambia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Nasi tulifundishwa hivyo hivyo katika shule ya misheni. Patterson, aliyewapiga risasi, alikuja kuandika kwamba walikula watu 135. Uchunguzi wa mwaka 2009, uliopima mifupa na manyoya ya simba hao, ulikisia watu karibu 35. Lakini vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, tangu mwaka 1896, walikuwa karibu 32,000, na waliokufa ni karibu 2,500. Hata tukichukua hesabu kubwa ya Patterson, na tuseme wote walikuwa Wahindi, simba hawafikishi mmoja katika kila kumi na wanane. Wengine waliuawa na nini? Waliuawa na homa, na kuhara, na vidonda, na ajali za kazi. Simba ni hadithi tamu. Homa ya kibarua si hadithi tamu, kwa hiyo haikusimuliwa.

Na hao Waafrika waliobeba mizigo, wakafyeka msitu na kuchimba udongo, hesabu yao ni ngumu zaidi kuipata, maana hawakuandikwa vizuri kama wale wa mkataba. Basi anayesema "tujifunze ya kwetu kwanza" ana haki. Sisi twaongeza tu kwamba ya kwetu na ya Mhindi yalilazwa chini ya taruma moja, na huwezi kufukua moja ukaacha jingine.

Simba wale wawili wako wapi leo? Wako Marekani, katika mji wa Chicago, ndani ya jumba la makumbusho la Field, nyuma ya kioo. Na hapa ndipo twafika kwa Wameksiko. Mwaka 1882 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina. Makampuni ya reli ya kusini-magharibi, yaliyozoea kazi rahisi ya Wachina, yaligeukia Meksiko. Wameksiko wakatandika reli, wakabadilisha mataruma, wakashindilia kokoto katika jua la jangwa. Wengi waliishi na wake na watoto ndani ya mabehewa ya mizigo yaliyokwisha kazi. Ndugu wa gengi, je, hamwijui nyumba ya namna hiyo? Wakati wa vita kuu ya pili, kati ya 1943 na 1945, mikataba zaidi ya 100,000 ilitiwa sahihi ili Wameksiko wakatengeneze reli za Marekani wakati wenyeji wako vitani. Reli ndiyo iliyowapeleka wengi hata Chicago.

Watoto wa watu hao waliingia shule wasione jina la baba yao katika kitabu hata kimoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa mashariki ya Los Angeles walitoka madarasani kwa maelfu, wakidai shule bora na historia yao ifundishwe. Huko Chicago, mwaka 1982, walimu kadhaa wakiongozwa na Carlos Tortolero walianza kazi ya kujenga jumba la sanaa la Wameksiko, likafunguliwa mwaka 1987 katika mtaa wa Pilsen, na kiingilio chake ni bure. Basi fikirini, ndugu: katika mji ule ule walimo simba wetu nyuma ya kioo, mafundi na vibarua wa Kimeksiko wanalo jumba lao, ambalo watoto wao huingia bila kulipa. Na sisi huku tulikotoka simba, mtoto wa mfanyakazi aende wapi kumwona babu yake?

Tena msidhani walipewa kwa upole. Katika Arizona watu wa mji wa Tucson walikuwa na somo la historia ya Wameksiko katika shule zao. Mwaka 2010 jimbo lilitunga sheria ya kulipinga, na mwaka 2012 somo likafungwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2017 jaji akaamua kwamba sheria ile ilitumiwa kwa chuki ya rangi. Kama historia ni kitu bure, mbona serikali nzima inahangaika kuifunga?

Sasa twamjibu ndugu wa sufuria. Sisi twasema historia huichemsha. Katika mashamba ya zabibu ya Delano, huko California, wenye mashamba walikuwa na desturi ya kuwatenga Wafilipino na Wameksiko, na hawa wakigoma, wale huitwa kazini. Tarehe 8 Septemba 1965 Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma. Safari hii Wameksiko wa Cesar Chavez na Dolores Huerta hawakuingia shambani. Baada ya siku nane walijiunga na mgomo, na mwaka 1966 vyama viwili vikawa kimoja. Mwaka 1970 wenye mashamba wakatia sahihi. Miaka mitano ni mingi, lakini kila upande peke yake ulikuwa umeshindwa miaka mingi zaidi.

Kwetu je? Mwaka 1937 chama cha wafanyakazi alichokuwa katibu wake Makhan Singh, Kalasinga aliyekuja Kenya mwaka 1927 akiwa kijana, kiligoma Nairobi siku 62 na mshahara ukapanda. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, walisimamisha mji, na Chege Kibachia akawaongoza. Tarehe 1 Mei 1949 Fred Kubai na Makhan Singh waliunganisha vyama katika baraza moja la Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, katika jumba la Kaloleni, Makhan Singh alitaka uhuru kamili bila kungoja. Mwezi Mei 1950 yeye na Kubai walikamatwa, na Nairobi ikagoma. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Je, mtu aliyekaa kizuizini miaka kumi na moja kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi hii si mtu wetu? Serikali yenyewe mwaka 2017 iliwatambua Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa kabila la arobaini na nne. Itakuwa aibu chama cha wafanyakazi kikiwa nyuma ya serikali kwa jambo hili.

Hatusemi kila Mhindi alikuwa Makhan Singh. Wako waliotupunja dukani, na katika reli ya wakoloni Mzungu alilipwa kwa ngazi yake, Mwasia kwa yake, na Mwafrika wa chini kabisa. Hata vyama vya reli viligawanyika kwa rangi. Hayo nayo yafundishwe, wala yasifichwe. Kujifunza habari za mtu si kumsifu.

Nanyi mwajua kwa nini twasema haya kwa uchungu. Mwaka jana mkandarasi mmoja alileta vibarua kutoka wilaya za mbali kuja kufanya kazi katika njia yetu ya Nanyuki, kwa malipo ya chini. Sisi tulifanya nini? Tuliwaita wageni na wezi wa kazi. Hatukuwauliza wanalipwa kiasi gani wala wanalala wapi. Tulipotaka kusimama kudai nyongeza, wao hawakusimama nasi, na kwa nini wasimame? Mkandarasi akacheka, tukarudi kazini mikono mitupu. Ingekuwa tumesoma habari za Delano kabla ya hapo, tungaliwafuata vibarua wale siku ya kwanza na birika la chai.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, jioni moja kila mwezi iwe ya historia. Pili, wastaafu wa gengi za Karatina, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki waalikwe, na maneno yao yaandikwe katika daftari, maana kila mwaka twazika kitabu. Tatu, vibarua wa mkataba, hata wasio wanachama, wakaribishwe darasani bila ada.

Tulifundishwa kwamba Yoshua aliamuru mawe kumi na mawili yatolewe mtoni, ili watoto watakapouliza maana yake, waambiwe. Mataruma yamelala mbele yetu kila siku, na watoto wanauliza. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Njoni mpige kura.

Sisi ndugu zenu wa reli,
Mweiga.