Gobore jipya lisivalishwe kutu

Kuna ufundi unaopendwa na baadhi ya Wamarekani wanaoigiza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mtu hununua gobore lililotengenezwa Italia juzijuzi, akalizeesha mpaka lionekane limeokotwa darini kwa babu. Mtutu huoshwa kwa siki hadi rangi ya kiwandani itoke, hupakwa jiki, huachwa ushike kutu, kisha husuguliwa kwa msasa laini. Kitako nacho hugongwagongwa kwa mnyororo. (Mwenye haraka anayechanganya siki na jiki pamoja anajitengenezea gesi ya klorini, ambayo ni sumu.) Wapo wanaoifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, inaharibu kitu kilekile inachodai kukihifadhi, yaani sura ya zama zile.

Tazama bunduki ya Springfield ya 1861, iliyobebwa na askari wengi wa Kaskazini. Mtutu wake haukutiwa rangi. Ulitoka kiwandani mweupe, unang'aa. Kanuni za jeshi za mwaka huohuo ziliagiza mitutu ya namna hiyo iwe safi, isiwe na kutu. Kwa hiyo mwigizaji anayesimama kwenye mstari na chuma cha kahawia haigizi askari wa 1862. Anaigiza kabati la makumbusho. Na hata uzee wenyewe hakuupatia: bunduki iliyozeeka kweli huliwa zaidi pale fataki inapolipukia, na kitako chake hulainika pale kiganja kinaposhika, lakini ukifungua pete zinazobana mtutu mara nyingi unakuta chuma cha chini bado kisafi. Jiki haijui mkono ulipita wapi, hula kotekote.

Watasema magobore ya Italia nayo hayafanani na ya zamani, kwa kuwa mengine huja na rangi nyeusi ya kisasa na vanishi inayometameta kama meza ya sebuleni. Ni kweli kabisa. Lakini dawa yake ni kuondoa vanishi, kupaka mbao mafuta ya kitani, na kung'arisha mtutu, ili bunduki ifanane na ile ya kale ilipokuwa mpya. Hayo ni masahihisho, wala sina ugomvi nayo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: bunduki ni yangu, inakuhusu nini? Ingekuwa hivyo kama bunduki ingezikwa na mwenyewe. Lakini hurithiwa, huuzwa, na mnunuzi wa tatu hajui habari za jiki. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka sarafu za kuiga zipigwe chapa ya kuonyesha kuwa ni nakala; magobore hayamo. Kinachobaki kumlinda mnunuzi ni alama za ukaguzi zilizopigwa kwenye mtutu kule Gardone Val Trompia, Italia, zikiwamo herufi za mwaka, na hizo ndizo wazeeshaji wengine huzipiga tupa kwanza kwa sababu zinaharibu sura. Miongoni mwa alama hizo kuna PN, inayoonyesha kwamba mtutu ulipimwa kwa baruti nyeusi. Akiupakia mtu baruti ya kisasa isiyo na moshi, unaweza kumpasukia usoni. Anayeona hana budi kuzeesha, na azeeshe. PN aiache isomeke.