Nani Alinunua Fulana Zile?

Kila damu inapomwagika kwenye mpaka wetu na Nyakach au Muhoroni, wananchi wa Soin huimbiwa wimbo ule ule: vijana ni wakorofi, bangi imewaharibu, na tangu jadi kabila hili halipatani na lile. Wanaouimba ni wakuu wa Serikali, wanasiasa na, kwa masikitiko makubwa, baadhi ya wahubiri wetu. Wimbo huo ni wa uongo, na ndugu msomaji ana haki ya kuelezwa kwa nini.

Kifungu cha 2A cha Katiba kilifutwa Desemba 1991. Miezi mitatu kabla ya hapo, wakuu wa KANU walikutana Kapsabet, kisha Kapkatet, hapa hapa katika nchi ya majani chai, wakawatisha hadharani waliodai vyama vingi. Oktoba 29 moto ukawaka katika shamba la Miteitei, Nandi, na baadaye ukafika Sondu na mpaka wa Kericho. Kufikia 1993, shirika la Human Rights Watch lilikadiria kuwa watu 1,500 walikuwa wameuawa na wengine 300,000 wamefukuzwa makwao.

Tukaambiwa ni mila. Mila gani? Jandoni kijana hufundishwa kuwatii wazee na kulinda boma, si kumchomea nyumba jirani aliyenunua shamba kwa jasho lake. Walionusurika walieleza juu ya vijana waliojipaka udongo usoni mithili ya waliomo jandoni, wakiwa na pinde na mishale, tena wamevaa fulana nyekundu au nyeusi. Upinde waweza kurithiwa kwa babu. Fulana za rangi moja kwa kundi zima la watu hazirithiwi. Hununuliwa, tena kwa jumla. Nani alizinunua?

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliuliza swali hilo mwaka 1992. Ilielezwa hata bei: shilingi 500 kwa kijana aliyerudi salama, 1,000 hadi 2,000 kwa kuua mtu au kuchoma nyumba ya nyasi, 10,000 kwa nyumba ya kudumu. Soma tena bei hizo, msomaji. Roho ya mwanadamu ilithaminiwa chini ya mabati na matofali. Bunge lile, lililochaguliwa 1988 chini ya chama kimoja, likakataa kuipitisha ripoti.

Kwa nini basi kijana akubali? Kwa sababu hana kingine cha kukubali. Shamba la babu limegawanywa hata limebaki vipande visivyolisha mtu. Miwa ya Soin hutegemea viwanda kama Muhoroni, kilichowekwa chini ya mrasimu mwaka 2001. Huko juu kwenye mashamba makubwa ya chai, ardhi waliyonyang'anywa wazee wetu enzi za ukoloni, mashine imechukua nafasi ya mikono: kikosi kazi cha mwaka 2023 kilitaja ajira 30,000 zilizopotea Kericho katika muongo mmoja. Mei mwaka huo vijana wakazichoma mashine hizo. Siungi mkono uteketezaji wa mali, lakini aliyeshangazwa nao hakuwa ameitembelea Kericho. Kijana wa namna hiyo akiahidiwa ekari ya jirani, pamoja na chakula cha leo, mchochezi hahitaji ufasaha mwingi.

Sisi mawakili twaijua sehemu ya pili ya kadhia hii. Anayeletwa kizimbani ni kijana, mara nyingi pekee, mama yake ameuza ng'ombe ili apate wa kumtetea. Aliyemtuma haonekani. Tume ya Akiwumi iliyoundwa 1998 iliwataja wakubwa, na ripoti yake ikafungiwa hadi 2002. Tume ya Waki ilihesabu wafu 1,133 wa machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2010 Serikali ikapiga marufuku makundi 33 kwa majina, wala hapakuwa na orodha ya walipaji wao. Juni 17, 2025 wahuni wenye marungu na mijeledi waliwashambulia waandamanaji mjini Nairobi mchana kweupe, na picha za siku hiyo ziliwaonyesha wakitembea karibu na polisi bila kuguswa.

Isisemwe kwamba sheria haitoshi. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu anayeshawishi au kumtuma mwingine kutenda kosa kuwa mkosaji sawa na mtendaji. Kimo vitabuni tangu ukoloni. Tena siku hizi fedha hupitia simu, na kila malipo huacha kumbukumbu ambayo mahakama yaweza kuamuru itolewe. Mkurugenzi wa Mashtaka na aanze na kumbukumbu hizo, hapa Sondu na Kaplelartet, kabla ya kumfungulia mashtaka kijana mwingine yeyote peke yake.