Muvi za kutisha sawa, ila bibi yangu mwacheni

Najua nilipotea, testi mbili na presentesheni moja vilinikaba koo, ila leo hata kama kuna testi nyingine kesho lazima niandike maana kuna jambo limenikaa rohoni.

Kwanza nijitetee mapema. Mimi muvi za kutisha nazipenda, tena sana. Wa bloku yetu mnanijua, bumu likitoka flashi yangu inajaa kabla ya tumbo. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia eti nimeokoka ghafla, au eti naogopa. Ninachopinga ni kimoja tu: namna sisi Wabongo tunavyochagua nani awe wa kutishia.

Hebu tazameni muvi yoyote nzuri ya kutisha, halafu mtazame mara ya pili mkiwa mmezima sauti. Mtacheka. Psycho ya 1960, ile sehemu ya bafuni, damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti, maana picha haikuwa ya rangi. Kinachokutoa roho pale ni fidla za Bernard Herrmann zinazolia kama zinachinjwa. Halloween ya 1978 John Carpenter aliitengeneza kwa dola laki tatu hivi, ambayo kwa Hollywood ni hela ya nauli. Adui amevaa kinyago cha dukani kilichopakwa rangi nyeupe, na muziki kaupiga Carpenter mwenyewe. Basi. Mengine yote ni subira: kimya, kamera inasogea taratibu, mlango unalia, unajiandaa... kumbe paka. Unashusha pumzi. Hapo ndo unapigwa. Kwa hiyo wale mnaosema muvi zetu hazitishi kwa sababu hatuna hela, hapana bwana. Si hela.

Sasa sisi wa Ualimu tunalo desa la Saikolojia ambalo wengi tunalisoma usiku wa kuamkia mtihani tu. Mle ndani yumo bwana Watson. Mwaka 1920, yeye na msaidizi wake Rosalie Rayner walimchukua mtoto mchanga wakampa jina Albert. Wakamwonyesha panya mweupe, mtoto wala hakuogopa, akataka kumshika. Siku nyingine kila mtoto akinyoosha mkono kwa panya, nyuma yake wanagonga nondo kwa nyundo, paaa! Baada ya mara kadhaa nyundo haikuhitajika tena. Akimwona panya tu analia. Na haikuishia kwa panya, akaanza kumwogopa sungura, mbwa, hadi koti la manyoya. Halafu wakamwacha aondoke hivyohivyo na hofu yake.

Muvi ya kutisha ni nyundo ya Watson, hakuna zaidi. Swali langu kwa wadau: nani anawekwa mahali pa panya?

Wenzetu wameshalipa gharama ya swali hilo. Jaws ya 1975, ile ya papa, papa wa mashine alikuwa anaharibika kila akiingia maji ya chumvi, ikabidi Spielberg amfiche na atumie muziki wa John Williams. Dunia nzima ikaogopa kuogelea. Lakini papa wa kweli wapo baharini, na watu wakaona sifa kuwaua. Peter Benchley, aliyeandika kitabu chenyewe, alitumia miaka yake ya baadaye kutetea papa. Na huyo ni samaki tu jamani.

Njooni kwetu. Wengi tumelelewa na kibanda umiza, benchi la mbao, Dijei anatafsiri huku anaongeza chumvi yake. Zikaja za Wanaijeria, wale wa njia iliyofunguliwa na Living in Bondage ya 1992, kisha miaka ya mwanzo ya 2000 za kwetu, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Siwadharau hata kidogo. Walithubutu wakati hakuna kamera ya maana wala wa kuwafundisha, na nakiri Nsyuka ilinilaza na taa.

Ila angalieni kilichobaki baada ya hapo, zile za kuigana ambazo siku hizi zimejaa YouTube. Wote wana fomula moja. Kikongwe. Kaniki. Macho mekundu. Ungo. Bundi analia, kicheko, halafu kinanda kinagonga paaa! Hakuna subira, hakuna paka mlangoni, hakuna akili. Nyundo tu, kutwa nzima, na mahali pa panya amekaa mama mzee. (Na bundi naye maskini. Kule kwetu Usambara yuko bundi mkubwa kabisa anayeitwa kwa jina la milima yetu, watu wanatoka Ulaya na darubini kuja kumtafuta msituni Amani. Sisi tukimwona tunaokota jiwe.)

Mtaniambia ni muvi tu. Sawa, Michael Myers wa Halloween anaishi wapi? Haddonfield ya kwenye muvi ni mji wa kutunga. Ukizima televisheni kaisha. Kikongwe mwenye macho mekundu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwenu, na macho yamekuwa mekundu kwa sababu amepuliza kuni tangu alipokuwa binti. Huko Shinyanga, Mwanza, Tabora na jirani zake, wamama wazee wamekatwa mapanga miaka nenda miaka rudi, na macho hayohayo ndo yakawa ushahidi. Sisemi muvi ndo zimeanzisha, mauaji yale ni ya zamani kuliko kibanda umiza. Nasema moto ukiwa unawaka hatuleti petroli halafu tuite sanaa. Unguja mwaka 1995, habari za popobawa zilipopamba moto watu wakawa wanalala nje kwa makundi, umati ulimuua mtu mmoja, mgonjwa wa akili, wakidhani ndiye. Hofu ikishakosa sura hutafuta ya mtu aliye karibu, asiye na wa kumtetea.

Na sasa niseme kilichonichokoza. Kuna kikundi hapa chuoni kinataka kupiga muvi fupi ya kutisha, lokesheni milimani Lushoto. Mmoja wao kanifuata kantini, anacheka: "Mgosi, wewe si wa kulekule? Tutafutie kibanda cha zamani na kikongwe, ila awe na macho yale. Tutampa elfu kumi." Macho yale! Mwe! Bibi yangu anaishi upande wa Soni na ana macho yale. Anayo kwa sababu mwezi wa saba baridi ya kule si ya mchezo, nyumba nzima tunahamia jikoni, na anayekaa karibu na mafiga ni yeye. Likizo iliyopita nilikuta watoto wa jirani, waliokuwa wanakuja kuomba mapeasi, sasa wanapita mbali wanakimbia huku wanaiga kile kicheko cha kwenye simu. Bibi alisema tu, "Wamekua hao, wana haraka." Mapeasi yalikuwa yameoza chini ya mti.

Mwenzangu mmoja wa Historia akaniambia napinga mila, eti uchawi ni mambo yetu na tuyaonyeshe. Haya, tuonyeshe basi, ila tuyasome kwanza. Usambara ya zamani, enzi za wafalme wa Kilindi pale Vugha, hofu kubwa ya watu ilikuwa inaangalia juu. Mfalme ndiye aliyeaminika kuwa na nguvu ya mvua, na nguvu ileile ingeweza kuizuia. Wasambaa walisema kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Steven Feierman kaandika kitabu kizima juu ya hayo. Wakuu wakigombana, njaa ikiingia, watu walijua wa kuulizwa ni nani. Sidanganyi kwamba hakuna mnyonge aliyesingiziwa, ila hiyo ndo ingekuwa muvi: njaa, jua kali, na mtu mkubwa anayewatazama watu wake wakikauka huku akijua anachofanya. Mbona hakuna anayethubutu kumtisha mtazamaji kwa mkubwa? Kikongwe hana wakili, ndo maana.

Na kama ni kutisha tu mnataka, Lushoto mali ipo ya bure. Pandeni gari la jioni kutoka Mombo, kilomita thelathini na kitu za kona, ukungu umeshuka mpaka taa zinaona mita mbili, dereva hasemi kitu, na upande mmoja ni bonde. Au lalaneni karibu na msitu wa Magamba mkisubiri perere aanze. Hamjamsikia perere? Anaanza kama mlango unaokwaruza, anapanda, anapanda, mwisho ni ukelele wa mtu anayenyongwa juu ya mti, halafu kimya, halafu mwingine anamjibu kutoka karibu zaidi na mlipo. Asubuhi mkimwona ni mnyama wa saizi ya sungura anayekula majani. Rekodini ile sauti, wekeni giza na mtu mmoja anayetembea na tochi inayokufa betri. Dakika kumi, hakuna hata tone la damu, na nawaapia hosteli nzima haitaenda chooni peke yake wiki mbili.