Wazee Wetu Waulizwe Kwanza, Ndipo Wang'olewe Meno



Katika mikutano yetu twasema sana habari za mishahara na nyumba, na ni haki yetu. Leo nataka kusema habari ya meno, tena meno ya wazee waliotutangulia katika reli. Msicheke kwanza.

Baba yangu mkubwa alikuwa mnyapara wa genge la njia upande wa Bungoma. Sasa ana miaka 71, na kila jioni humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu aliwahi kuganda damu mguuni. Mwaka jana jino lilimwuma siku tatu. Akaenda kwenye kliniki moja nisiyotaka kuitaja, akalipa, akachomwa sindano ya ganzi, jino likang'olewa. Hakuna aliyemwuliza anameza dawa gani. Yeye naye hakusema, maana aliona mguu ni kazi ya daktari wa mguu na jino ni kazi ya daktari wa jino. Usiku damu haikukoma. Tulibadilisha taulo tatu, na alfajiri tukampeleka hospitali kwa pikipiki, akashonwa ufizi.

Habari hiyo ilipofika Kitale ikazaa kosa la pili. Mzee mmoja mstaafu, naye mtu wa warfarini, aliogopa akaacha vidonge kwa shauri lake mwenyewe siku nne kabla ya kwenda kung'olewa. Daktari wa huko alimgombeza kwa adabu. Kuacha dawa hiyo bila amri ya aliyekupa kwaweza kugandisha damu tena, ikaenda mapafuni au ubongoni. Akarudishwa kwenye dawa, na baadaye akapimwa damu kipimo kiitwacho INR. Kwa kawaida kikiwa chini ya 4 jino hung'olewa bila kuacha dawa, na kidonda hushonwa. Ndivyo alivyofanyiwa, akarudi nyumbani kwa matatu.

Basi shida si koleo, ni swali lisiloulizwa. Sisi wa reli twajua: treni haiingizwi njiani kabla stesheni ya mbele haijajibu kuwa njia ni wazi.

Wala si warfarini peke yake. Mwenye kisukari, sukari ikipanda, fizi huharibika upesi na kidonda hukawia kupona. Na fizi zikiwa na usaha, sukari nayo ni vigumu kushuka. Mzee kama huyo aende asubuhi, awe amekula na kumeza dawa zake. Presha ikifika 180 kwa 110, kazi isiyo ya haraka huahirishwa. Mwenye vali ya bandia moyoni hupewa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kung'olewa. Hata vidonge vya presha, kama nifedipini na amlodipini, huwavimbisha wengine fizi. (Namjua mzee aliyesemwa na wajukuu kuwa hapigi mswaki, kumbe ni kidonge!)

Wako wasemao mzee hana haja ya meno. Sikubali. Asiye na meno huishia uji na mkate wa kuchovya katika chai, na kwa mwenye kisukari hicho si chakula cha kila siku.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii, na nyumba isiyo na mshahara hailipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hiyo hatuombi sadaka. Matawi ya Bungoma na Kitale yapeleke dai moja kwa serikali za kaunti zetu mbili: kila chumba cha meno kiwe na mashine ya presha na kipimo cha sukari, na karatasi ya maswali ijazwe kabla ya sindano.

Baba mkubwa nimemwandikia jina la dawa yake na kiasi chake kwa herufi kubwa, nikaifunga karatasi katika nailoni pamoja na kitambulisho. Mwenye mzee nyumbani anione kwenye mkutano wa tawi, nitamwandikia na yeye.