Mizania Isiyolingana

Wapo watu, tena wenye elimu na vyeo, wasemao kwamba uhasibu si kazi ya mwanamke. Zamani walilisema jambo hilo waziwazi. Siku hizi wanalivika nguo. Wanasema mwanamke ni hodari sana kwenye dirisha la kupokelea fedha na kwenye kuandika stakabadhi, lakini ukaguzi wa hesabu kubwa, safari za mikoani na kiti cha mkurugenzi wa fedha ni mambo ya wanaume. Maneno yamebadilika, maana ni ile ile. Nakusudia katika kurasa hizi chache kuipinga rai hiyo hoja baada ya hoja, na sitamung'unya maneno.

Tuanze na kazi yenyewe. Uhasibu wa leo unafuata kanuni ambayo mtawa wa Kiitalia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Kila muamala huandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, na mwisho pande zote mbili hulingana. Zisipolingana, basi kuna kosa au kuna wizi. Kanuni hiyo inataka akili iliyotulia, mkono mwaminifu na jicho lisilochoka. Naomba anayedai kwamba sifa hizo ni za wanaume peke yao anionyeshe ushahidi wake.

Ushahidi ninaouona mimi unakwenda upande wa pili. Tazama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe hutunzwa na mwingine. Kila mkutano fedha huhesabiwa mbele ya macho ya wote, na kila mmoja hujua salio. Hicho ndicho wataalamu wanachokiita udhibiti wa ndani, na kinamama wasiopata kukanyaga chuo chochote cha fedha wanakitekeleza chini ya mwembe. Ziko ofisi zenye viyoyozi na wahasibu wenye digrii ambazo zingefaa kwenda kujifunza hapo.

Ubaguzi huu haukuzaliwa kwetu. Kwa sehemu kubwa tuliurithi pamoja na madaftari ya leja. Nchini Uingereza, Mary Harris Smith, aliyezaliwa mwaka 1844, alikuwa akiendesha ofisi yake ya uhasibu mjini London. Mwaka 1891 aliomba kujiunga na taasisi ya wahasibu walioidhinishwa ya nchi hiyo, naye akakataliwa kwa sababu ya jinsi yake. Hakuna aliyesema kwamba hajui kazi. Alingoja mpaka Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1919 ya kuondoa vizuizi vya aina hiyo, na mwaka 1920, umri wake ukiwa umepita miaka 70, ndipo alipofunguliwa mlango. Huko Marekani, Christine Ross alifanya mtihani wa uhasibu wa jimbo la New York mwaka 1898. Alifaulu, lakini cheti chake kilicheleweshwa, akakipata mwishoni mwa mwaka 1899. Mtihani ulikuwa umekwisha kujibu swali. Kilichobaki ni wanaume kuizoea habari hiyo.

Atasema mtu: hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu zaidi. Mwaka 1982, kampuni kubwa ya ukaguzi ya Price Waterhouse nchini Marekani ilipokea majina 88 ya watu waliopendekezwa kuwa wabia. Wanaume walikuwa 87 na mwanamke mmoja, Ann Hopkins. Yeye hakuwa mkaguzi wa vitabu bali mshauri wa menejimenti ndani ya kampuni hiyo. Alikuwa ametumia muda wa miaka miwili hivi kuifanikishia kampuni mkataba wa dola milioni 25 na Wizara ya Mambo ya Nje, na jaji aliyeisikiliza kesi yake alisema kwamba hakuna mwombaji mwingine wa mwaka ule aliyekuwa na rekodi ya kulingana na hiyo. Wabia walikuwa 662, na wanawake kati yao walikuwa 7. Ombi la Hopkins liliwekwa kiporo, na mwaka uliofuata jina lake halikupendekezwa tena.

Sababu ilikuwa nini? Alishauriwa, ili apate nafasi, atembee kike zaidi, azungumze kike zaidi, avae kike zaidi, ajipodoe, atengeneze nywele na avae vito. Mbia mmoja aliona kwamba ingemfaa kwenda kufundishwa adabu za kike. Hebu, msomaji, tafuta katika mizania ya kampuni yoyote duniani safu inayoandikwa hereni!

Msomaji mwenye haki ataniuliza: je, mama huyo hakuwa mkali? Alikuwa mkali. Baadhi ya wenzake walilalamika kwamba anawasukuma mno wafanyakazi walio chini yake, na majaji hawakuyapuuza malalamiko hayo. Lakini hapo ndipo penye fundo. Kazi ile inataka mtu asiyeyumba mbele ya mteja. Mwanamume akiwa hivyo husifiwa kuwa na msimamo, na mwanamke akiwa hivyo huambiwa amejisahau. Akiwa mpole husemwa hafai kuongoza, na akiwa mkali husemwa si mwanamke. Kila mlango una mlinzi, na kila mlinzi ana kisingizio chake. Tarehe 1 Mei 1989, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba kumpima mfanyakazi kwa kufikiria jinsi mwanamke anavyopaswa kuwa ni ubaguzi wa kijinsia. Mwaka 1990 kampuni ikaamriwa kumpa ubia pamoja na malipo yake ya nyuma, naye akarudi kazini mwaka 1991. Alifanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2002. Ikiwa angekuwa mzembe kama walivyotaka tuamini, kampuni ile ingekuwa na zaidi ya miaka kumi ya kutuonyesha uzembe huo.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Tanzania tulianzisha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Toka siku ya kwanza mtihani ulikuwa mmoja kwa wote. Mimi nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na jambo moja nililofundishwa chuo cha ualimu ni kwamba karatasi husahihishwa kwa kilichoandikwa ndani yake. Mtihani wa taifa hubeba namba, haubebi jina. Mabinti zetu wanafaulu pale ambapo msahihishaji hawaoni. Wanaanza kushindwa pale wanapokaa mbele ya mtu anayewaona. Kama tatizo lingekuwa akili yao, wangeshindwa kwenye karatasi.

Binti mmoja niliyemfundisha sekondari, aliyefaulu mitihani ya Bodi, aliitwa kwenye usaili katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Aliulizwa kama ameolewa, ana watoto wangapi, na anatarajia mwingine lini. Kijana wa kiume aliyeingia baada yake aliulizwa afanye nini urari usipolingana. Walipokutana nje wakalinganisha maswali. Kijana ndiye aliyeajiriwa. "Mwalimu," aliniambia binti yule, "hawakuniuliza swali hata moja la hesabu." Kosa la kukosa jibu huwa la mwanafunzi. Hapa swali lenyewe halikuulizwa, na kosa hilo ni la mtahini.

Waajiri wakibanwa hukimbilia uzazi. Wanasema mwanamke ni hasara, maana kila mara yuko likizo. Kwa kuwa wao ni watu wa hesabu, na tupige hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na mwajiri halazimiki kuitoa zaidi ya mara nne. Chukua mama aliyezaa mara zote nne, mtoto mmoja mmoja. Siku 84 mara 4 ni siku 336. Akianza kazi akiwa na miaka 25 na kustaafu akiwa na miaka 60, amekuwa kazini miaka 35, yaani siku 12,775. Gawanya mwenyewe: haifiki siku 3 katika kila 100. Kwa ajili ya siku 3 wanazitupa siku 97! Mhasibu anayepiga hesabu namna hiyo katika vitabu vya kampuni angefukuzwa kabla ya saa sita mchana. Tena watoto hao wanaozaliwa ndio watakaokuwa wateja, walipa kodi na wahasibu wa kesho. Hakuna mwajiri aliyeajiri mtu asiyezaliwa na mwanamke.

Hoja yao nyingine ni usalama. Wanasema ukaguzi una safari, na si vyema kumlaza mwanamke nyumba za wageni huko wilayani. Huruma hiyo ningeiheshimu kama ingekuwa ya kweli. Lakini mwalimu wa kike hupangiwa shule iliyo mbali na barabara, na muuguzi hupangiwa zahanati isiyo na umeme, na sijapata kusikia kikao kikikatishwa kwa kuhofia usalama wao. Inaonekana njia huwa ya hatari pale tu inapokuwa na posho nzuri na cheo mbele yake. Halafu tazama matokeo. Asiyesafiri hapati uzoefu wa ukaguzi mkubwa. Asiyekuwa na uzoefu hapandishwi. Mwisho huambiwa kwa upole kwamba angepandishwa, ila uzoefu ndio umepungua. Walimficha kisima, sasa wanamlaumu kwa kiu.

Na kama hatari inayohofiwa ni mkubwa wa kazi mwenyewe, ambaye akisafiri na binti hugeuka kuwa mtu mwingine, basi dawa ni kumshughulikia mkubwa huyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Kumwacha mkosaji aendelee na safari na kumfungia ofisini asiye na kosa ni kuadhibu kinyume.

Watakuja na hoja ya mwisho: "Mzee, mbona mambo yamekwisha badilika? Zakia Meghji alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 2006. Kenya ilipata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwanamke, Nancy Gathungu, mwaka 2020. Na sheria ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi." Ni kweli tupu, nami nafurahi. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsi, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Lakini jina moja kubwa halijibu maswali ya wale waliobaki dirishani. Na sheria haitembei yenyewe ofisini kusikiliza maswali ya usaili. Mkaguzi mzuri haridhiki kwa kuwa kanuni za fedha zimebandikwa ukutani. Hufungua jalada, akatafuta hati, akaangalia kama zilifuatwa. Basi tukague hivyo hivyo.

Nasema nini kifanyike? Kwanza, maswali ya usaili yaandikwe kabla, yawe yale yale kwa wote, na yanayohusu ndoa na uzazi yafutwe. Pili, kila ofisi ya ukaguzi iweke daftari la safari na wateja wakubwa, ionekane nani amepewa nini, maana cheo hupikwa humo. Tatu, asiyepandishwa aelezwe sababu kwa maandishi. Sababu isiyoandikika ni sababu ya aibu. Nne, mama anayenyonyesha apewe muda anaopewa na sheria, ambao ni hadi saa mbili kwa siku, bila kununiwa. Tano, mabinti wenyewe wasikubali kunyamaza. Barua moja iliyoandikwa vizuri na kutunzwa nakala yake ina nguvu kuliko machozi ya mwaka mzima.

Jambo hili si la wanawake peke yao. Hesabu wanazozikagua watu hawa ni kodi zetu, pensheni zetu na dawa za hospitali zetu. Tunapomweka kando mkaguzi bora kwa kuwa anavaa gauni, tunampa nafasi aliye dhaifu kuliko yeye, na upungufu unaopita machoni pake tunaulipa sote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Mimi naongeza kwamba mwanamke mwenye cheti cha uhasibu mkononi si mnyonge hata kidogo. Ni mdai. Deni lake limeandikwa, limehakikiwa, na muda wake wa kulipwa umepita. Wenye ofisi na walipe.