Bibi akiunguza wali, msimcheke

Wali unaungua. Watoto walioko sebuleni wameshasikia harufu, lakini bibi aliyesimama kando ya jiko hana habari. Nyumba nzima inacheka. Kumbe huenda si usahaulifu. Pua yake imeacha kunusa.

Tatizo hili hujificha. Uwezo wa kunusa ukipotea polepole, mwenyewe mara nyingi hajui. Hulalamika tu kwamba chakula hakina ladha, huongeza chumvi, au hupoteza hamu ya kula. Mtoto aliyezaliwa hivyo naye hasemi, maana hajui wenzake wananusa nini.

Hatari kubwa iko kwenye gesi ya kupikia. Harufu yake kali huongezwa makusudi ili ikivuja watu washtuke. Asiyenusa hashtuki.

Mzazi anaweza kujaribu nyumbani. Mwambie mhusika afumbe macho, azibe tundu moja la pua, kisha mnusishe kahawa, karafuu na ganda la chungwa, kimoja kimoja. Rudia kwa tundu la pili. Tumia vitu anavyovijua. Mtu hawezi kutaja harufu ambayo hajawahi kukutana nayo. Usitumie pilipili wala amonia, kwani huwasha hata pua isiyonusa, nawe utadhani yuko salama.

Akishindwa, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wapo wanaotumia kalamu maalumu zenye harufu: mgonjwa hunusa moja baada ya nyingine, na kwa kila moja huchagua jibu kati ya manne. Kipimo cha haraka kina kalamu 12 na huchukua dakika chache tu. Baada ya hapo daktari hutafuta chanzo: mafua, mzio, vinyama puani, UVIKO-19 au jeraha la kichwa. Wakati mwingine ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, ndiyo maana si jambo la kupuuza.

Baadhi ya wagonjwa hupewa mazoezi ya kunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Si wote wanaopona, lakini wapo wanaopata nafuu.

Mpaka bibi apimwe, asiachwe peke yake na jiko la gesi, na kiporo cha jana kinuswe na mtu mwingine kabla hajala.